Shikamoo ya Lita Elfu Thelathini

Palikuwa na nchi, na huenda bado ipo kama wakubwa wake hawajaipangisha, iliyoitwa Tambarare. Upande wa pili wa Mto Lufita palikuwa na jirani yake, Bubujiko. Tambarare ilipandisha bendera miaka kumi na miwili kabla ya Bubujiko, na kwa watu waliolelewa vizuri, miaka kumi na miwili si mchezo. Kwa hiyo kila mwaka Rais wa Bubujiko alivuka daraja kwa miguu, akavua kofia, akasema, "Shikamoo Tambarare." Rais wa Tambarare alikaa kimya kidogo, kama mtu anayetafuta kapi la muwa kwenye jino, kisha akajibu, "Marahaba." Basi. Wakanywa chai ya maziwa na maandazi, wakaagana, na Wabubujiko wakarudi kwao na magunia mawili ya chumvi na boksi la chaki, zawadi ya mkubwa kwa mdogo.

Aliyesimamia mambo hayo alikuwa Bwana Songoro Makwaya, Afisa Salamu Mkuu, mtu mwembamba wa miaka sitini na mmoja, mwenye kofia ya kufuma na miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Ofisi yake ilikuwa chini ya ngazi za wizara. Humo mlikuwa na kabati la chuma lenye droo tatu. Ya kwanza iliandikwa WANAOTUAMKIA, ya pili TUNAOWAAMKIA, ya tatu WA RIKA LETU. Katika hii ya tatu aliweka karanga, kwa sababu Tambarare haikukubali kuwa rika na mtu. Katika miaka thelathini na minne Bwana Songoro hakuwahi kukosea nani amwamkie nani. Hata msafara ukiwa mbali, aliwatazama watu miguu tu akajua yupi mkubwa.

Mambo yaliharibika siku Wabubujiko walipochimba choo.

Kilikuwa choo cha shule ya msingi, matundu manne, wavulana huku na wasichana huku. Walipofika futi ya kumi na tisa, shimo likaanza kutema kitu cheusi, kizito, kinanuka kama koroboi. Mwalimu mkuu akaandika barua kwa wakubwa kulalamika kwamba choo kimeharibika. Barua ilikuwa bado haijajibiwa walipofika watu wa Ng'ambo, wale wa mbali wenye kaptula na kofia pana. Wakainama, wakanusa, wakakumbatiana, wakalia machozi. Wabubujiko walishangaa sana. Hawakuwahi kuona mtu akililia choo chao.

Toka hapo salamu zikaanza kupungua uzito. Mwaka wa kwanza wa mafuta, Bubujiko ilileta shikamoo yake kwa barua. Mwaka wa pili ikaandika, "Habari za huko." Mwaka wa tatu, "Mambo vipi." Mwaka wa nne haikuandika kitu, na chumvi ikarudishwa. Bwana Songoro aliyaona haya yote akayaweka kwenye faili, lakini nani amsikilize mtu wa chini ya ngazi? Wakati huo Tambarare nzima ilikuwa imekwisha kuacha mkaa na kuhamia kwenye gesi, magari yameongezeka, mashine za kusaga zinanguruma kila mtaa, na hata umeme wenyewe ulitoka kwenye mitambo inayokunywa dizeli ya Bubujiko. Tambarare ilikuwa imeshiba mafuta ya jirani bila kutazama sufuria ni ya nani.

Mwaka wa tano ikaja barua yenye muhuri wa dhahabu. Waziri wa Mafuta, Mheshimiwa Profesa Tindwa, mtu mnene mwenye sauti ya kipaza hata asipokuwa nacho, aliisoma mbele ya Baraza.

"Kifungu cha Kwanza," alisoma. "Kuanzia mwezi ujao, upande wa mnunuzi utauamkia upande wa muuzaji kabla ya kizuizi cha darajani kuinuliwa. Shikamoo itakuwa ya sauti, ya kusimama, kofia mkononi. Upande wa muuzaji utaitikia kwa wakati utakaoona unafaa." Akashusha karatasi. "Hakuna Kifungu cha Pili."

Baraza likalipuka.

"Sisi? Tumwamkie yule tuliyempa chaki?"

"Siku tunapandisha bendera wale walikuwa wanatambaa!"

"Makwaya!" Profesa akamgeukia Bwana Songoro aliyekaa pembeni na mafaili yake. "Wewe ndiye mjuzi. Kuna mahali popote duniani mkubwa amemwamkia mdogo?"

"Papo, Mheshimiwa," akasema Bwana Songoro taratibu. "Mkubwa akiwa na njaa, na mdogo akiwa ameshika mwiko."

Akaambiwa aandike kwamba hakuna.

*

Baraza likaamua mambo mawili. Kwanza, taifa halitaamkia. Pili, iundwe Kamati ya Kutafuta Namna ya Kuamkia Bila Kuamkia.

Kamati ilikuwa na watu kumi na tisa, ikakaa wiki sita katika hoteli yenye mandhari tulivu. Mjumbe mmoja alipendekeza shikamoo isemwe kwa simu, kisha simu ikatwe mara moja na lawama apewe mtandao. Mwingine akasema isemwe na mtu aliyelala usingizi, maana aliyelala hashtakiwi. Mwisho walikubaliana kununua kasuku. Kasuku akisema, ni ndege aliyesema, siyo taifa. Wakamfungia katika ukumbi wa mikutano asikilize na kujifunza. Baada ya wiki tatu wakampeleka mbele ya Waziri, wakamfunua kitambaa. Kasuku akamtazama Waziri kwa jicho moja, akasema, "Posho! Posho!" Ndilo neno pekee alilokuwa amelisikia mara nyingi.

Huku nyuma mafuta yakaisha.

Redio ya Taifa ikatangaza: "Wananchi wasiwe na hofu. Hakuna uhaba wa mafuta. Kilichopo ni wingi uliochelewa." Watu wakapanga foleni za mitungi ya gesi kuusubiri huo wingi. Foleni ya soko la Magengeni ilikaa siku nyingi hata ikapata mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Mapacha wawili wa Mtaa wa Mbaazi walichumbiwa humo humo, mmoja na mtu wa mbele, mwingine na mtu wa nyuma. Yule wa mbele alijiona ameolewa pazuri.

Serikali nayo ikatangaza Wiki ya Kusukuma. Magari ya wakubwa hayakuweza kusimama, kwa sababu mkubwa akitembea kwa miguu nchi inashuka hadhi. Basi yakasukumwa. Gari moja lilitaka wananchi kumi, wanane kulisukuma na wawili wa kupunga bendera. Mbele ya msafara alikimbia askari mmoja akipiga king'ora kwa mdomo: "Wiiiu! Wiiiu!" Siku ya tatu sauti ikamkauka, akapewa msaidizi.

*

Katika hayo yote Bwana Songoro alikuwa na lake moyoni. Binti yake Zaituni, mtoto wake wa pekee, alikuwa na mimba ya kwanza, na mtoto tumboni alilala kikingama kama gogo lililoziba njia. Jumatatu asubuhi alikwenda naye hospitali ya mkoa. Daktari Kapufi, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa, alimpapasa Zaituni tumbo, akamvuta baba mtu dirishani.

"Mzee, huyu hazai mwenyewe. Nimempangia Alhamisi nimpasue. Uchungu ukimwanza kabla hatujampasua, tutawapoteza wote wawili."

"Basi Alhamisi, daktari."

"Kisu ninacho. Mikono ninayo. Taa sina. Chumba cha upasuaji hakina dirisha, na ile mashine ya usingizi haiendi kwa kusukumwa kama magari yenu. Jenereta lina lita nne, hazitoshi hata kulikohoza. Niletee dizeli, mzee, nikupe mjukuu."

Bwana Songoro hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja wizarani, akasimama mbele ya Profesa Tindwa, kofia mkononi.

"Mheshimiwa, naomba unitume darajani. Nikaongee nao."

"Ukaongee nini?"

"Salamu ni kazi yangu."

Profesa akapiga hesabu. Kamati ilikuwa imeshindwa, kasuku ameshindwa, na kama jambo litaharibika, ni afadhali liharibikie mikononi mwa mtu wa chini ya ngazi. "Nenda," akasema. "Lakini nisikilize vizuri, Makwaya. Ukithubutu kulitamka neno lile, pensheni huna, cheo huna, na utashtakiwa kwa kosa la kuinamisha taifa. Nimeeleweka?"

"Umeeleweka, Mheshimiwa."

"Na uende kwa heshima ya nchi. Utapewa chombo cha serikali."

Chombo kilikuwa baiskeli. Mbele ilifungwa bendera, na kwenye kiti cha nyuma karani mmoja na daftari lake, kwa ajili ya kumbukumbu. Kutoka mjini hadi darajani ni kilometa ishirini na mbili, na nusu yake ni mlima.

*

Upande wa Bubujiko walikuwa wamejiandaa. Kizuizi kilipakwa rangi mpya. Nyuma yake lilisimama lori la mafuta, refu, linang'aa, limeandikwa ubavuni LITA 30,000, na dereva wake amelala uvunguni. Mbele paliwekwa meza ya kitambaa chekundu, kipaza sauti, na kiti cha kuegemea. Juu ya kiti alikaa Bwana Chikambo, Mwitikiaji Mkuu wa Taifa, kijana wa miaka thelathini na tisa aliyevaa suti ya bluu. Alikuwa amefanya mazoezi mwezi mzima mbele ya kioo. Kazi yake ilikuwa neno moja tu, "Marahaba," na lilitakiwa litoke tumboni, zito, bila tabasamu.

Saa saba mchana, jua likiwa juu ya kichwa, baiskeli ikatokea kilimani. Bwana Songoro alishuka, shati limemganda mgongoni, akavua kofia ili apanguse jasho. Akasogea mezani. Makarani wa pande zote mbili wakainua penseli.

Bwana Chikambo akamwona. Aliona mvi. Aliona ile miwani ya uzi. Aliona mzee wa makamo ya baba yake anahema juani. Naye alikuwa amelelewa na mama mkali, kilometa moja tu kutoka pale, aliyekuwa akimchapa kwa upawa kila alipompita mtu mzima kimya. Mwezi mzima wa kioo ukayeyuka. Akainuka kitini bila kujijua.

"Shikamoo mzee," akasema mbele ya kipaza sauti. "Pole na safari."

"Marahaba mwanangu," akajibu Bwana Songoro, naye bila kujijua. "Hujambo?"

Penseli ya karani wa Bubujiko ikakatika ncha. Dereva chini ya lori akaamka, akauliza, "Kuna nini?"

"Mzee," akanong'ona Chikambo, amegeuka rangi ya majivu. "Tufanye kama haijatokea."

Lakini karani wa Tambarare alikuwa ameshaandika, tarehe na saa, na alikuwa ameshapanda baiskeli anakanyaga pedali kurudi mjini kwa kasi, bendera inapepea.

*

Kufikia jioni Tambarare ilikuwa imeshinda. Redio ilisema Bubujiko imepiga magoti. Jumatano ikatangazwa sikukuu. Bwana Songoro, aliyerudi kwa miguu usiku kucha, alivishwa shada la maua, akapewa jina la Shujaa wa Marahaba, na fundi sanamu akaja na utepe kumpima mdomo, kwa sababu mdomo ndio ungekuwa katikati ya sanamu. Profesa Tindwa alihutubia. Alisema historia imerudi mahali pake. Alisema Alhamisi, baada ya sikukuu, yatafanyika Maandamano Makubwa ya Ushindi ya magari arobaini na moja, na wananchi wajitokeze kwa wingi kuyasukuma.

Bubujiko nayo iliongeza kufuli la pili kwenye kizuizi, na Chikambo akapewa mpaka Alhamisi awe ameirudisha shikamoo ya taifa, la sivyo asijisumbue kurudi na suti ile.

Bwana Songoro alifika hospitali na shada lake shingoni. Zaituni alikuwa amekaa kitandani anajipepea na kadi ya kliniki.

"Baba, nimesikia redioni. Wanasema umeshinda."

"Ndiyo, mwanangu."

"Dizeli imekuja?"

"Haijaja."

Zaituni akaacha kujipepea. "Sasa tumeshinda nini?"

Baba mtu akatafuta jibu katika droo zake zote za kichwani, akakuta karanga tupu. Alilivua shada, akalitundika kwenye msumari wa chandarua. Zaituni akamshika mkono, akauweka tumboni. Mtoto alikuwa pale pale, kikingama. Alipourudisha mkono wake, Bwana Songoro alikuwa ameshaamua. Pensheni ni yake, na anaweza kuitupa. Mtoto si wake peke yake.

*

Alhamisi kabla jua halijachomoza alikuwa amefika darajani kwa baiskeli ya kuazima, isiyo na bendera wala karani. Chikambo alikuwa amekaa chini kwenye vumbi, koti la suti begani.

"Kijana, inuka. Kaa kwenye kiti chako," Bwana Songoro akamwambia. "Nimekuja kukurudishia."

Chikambo akaketi. Karani wake akachonga penseli mpya. Bwana Songoro akavua kofia, akasimama wima, akasema kwa sauti iliyovuka mto, "Shikamoo!"

Chikambo akafungua mdomo. Kikatoka kikohozi.

"Rudia, mzee."

"Shikamoo!"

"Mma... mma..." Jasho likamtoka. "Mzee, siwezi. Naona mvi zako. Hebu geuka unipe mgongo."

Wakajaribu hivyo. Kisogo nacho kilikuwa na mvi. Wakajaribu Bwana Songoro akiwa nyuma ya pipa. Wakajaribu Chikambo akiwa amejifunika koti kichwani. Ikatoka "Shikamoo" tena kutoka ndani ya koti, na karani akaomba ruhusa afute.

"Utaniua, mwanangu," akasema Bwana Songoro, na safari hii sauti yake haikuwa ya kiofisi. "Binti yangu yuko mezani anasubiri dizeli hii. Leo ndiyo leo. Neno moja tu."

"Baba, si kwamba sitaki. Mama yangu yuko pale ng'ambo ya mwembe... pale kwenye bati lile. Akisikia nimeitikia shikamoo ya mtu mzima kama wewe, upawa bado anao."

Hapo miaka thelathini na minne ya kazi ikaamka kichwani mwa Bwana Songoro. "Una hicho Kifungu cha Kwanza hapo? Nisomee kipande cha mwisho."

"Upande wa muuzaji utaitikia kwa wakati utakaoona unafaa."

"Upande. Wamemtaja mtu?"

Chikambo akaigeuza karatasi nyuma, akaona nyuma ni nyeupe. "Hawajamtaja."

"Mama yako ana miaka mingapi?"

"Sabini na nane."

"Kamlete."

*

Bi Sikudhani alikuja na ungo wake wa kunde kiunoni, kanga mbili, viatu vya mpira, na hasira ya mtu aliyekatizwa kazi.

"Hii ndiyo kazi yako unayoniambia kubwa?" alimwambia mwanawe. "Kukaa kwenye kiti uamkiwe? Na hilo gari limebeba nini?"

"Dizeli, mama."

"Ya nani?"

"Yetu."

"Yetu?" Akaweka ungo chini. "Choo cha wajukuu zangu mmekigeuza kisima cha mafuta, mpaka leo watoto wanajisaidia kichakani. Mimi mwezi wa tatu huu naazima mwanga kwa jirani, na jirani naye anaazima kwa mwezi. Halafu ipo yetu, lori zima?"

"Hii ni ya kuuza nje, mama. Mafuta yetu yanakwenda Ng'ambo mabichi, kule wanayapika, wanaturudishia. Dizeli ya ndani bado inasubiri."

"Inasubiri nini?"

Chikambo akakuna shingo. "Ng'ambo nao wanataka waamkiwe kwanza. Rais wetu ameshawaamkia mara saba. Tatizo hawajui kuitikia, wanajibu 'asante.' Na mkataba unataka 'marahaba.'"

Bi Sikudhani akamtazama mwanawe, akalitazama lori, akamtazama yule mzee mwenye miwani ya uzi. Bwana Songoro alikuwa ameshavua kofia. Mbele ya bibi yule hakuhitaji serikali imtume.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu," akasema Bi Sikudhani, wala hakutafuta uzito wa tumboni. "Hujambo? Nyumbani wote hawajambo?"

Sasa kila mtu anajua jibu lake. Hata nyumba ikiwa inaungua unasema, "Hawajambo," kisha ndio unaomba ndoo. Afisa Salamu Mkuu alikuwa amelisema jibu hilo maisha yake yote. Safari hii hakulisema.

"Wana jambo, mama," akasema. "Binti yangu ana jambo." Akamweleza yote, lita nne, chumba kisicho na dirisha, mtoto wa kikingama.

Bi Sikudhani alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia karani. "Wewe, umeandika kwamba nimeitikia?"

"Nimeandika, bibi."

"Kizuizi kiinuliwe. Chikambo, nijazie kwanza kidumu cha lita tano, nisije nikafa gizani juu ya mafuta. Halafu nisaidie kupanda."

"Kupanda wapi, mama?"

"Kwenye gari. Mafuta yakiingia mji wenye serikali hayafiki hospitali yakiwa peke yake. Nayasindikiza."

*

Na kweli. Walipofika mzunguko wa Uhuru, kilometa moja kabla ya hospitali, barabara ilikuwa imejaa. Magari arobaini na moja ya Maandamano ya Ushindi yalikuwa yamesukumwa mpaka pale, na wasukumaji mia tatu na themanini na saba wamelala kwenye nyasi, wengine walikimbia njiani. Askari wa king'ora alipoliona lori akapiga "Wiiiu!" kwa furaha. Profesa Tindwa, suti nyeupe, kipaza sauti mkononi, akasimama katikati ya barabara na kutandaza mikono. Lori likafunga breki.

"Ndugu wananchi!" alinguruma. "Wingi uliochelewa umefika! Mafuta haya ni matunda ya ushindi, na kwa hiyo yataanza na magari ya ushindi!"

"Mheshimiwa," Bwana Songoro alitoa kichwa kati ya dereva na Bi Sikudhani, "hospitali haina hata lita..."

"Wewe nitakushughulikia baadaye, Makwaya! Nimesikia ulichokifanya darajani! Dereva, shuka!" Profesa akauendea mlango wa lori kwa hatua kubwa, akafika chini ya dirisha, akainua uso.

Juu yake, dirishani, kulikuwa na uso wa bibi wa miaka sabini na nane, kanga kichwani, ungo wa kunde mapajani. Bibi akainamisha macho kumtazama. Watu wakainuka kwenye nyasi. Mia tatu na themanini na saba, wote wamelelewa, wote wanangoja.

Profesa alikuwa na shahada tatu, lakini na yeye alikuwa na mama. Huwezi kumwambia bibi "shuka" kabla hujamwamkia. Huwezi hata kumwambia "moto!" Akasahau kushusha kipaza sauti.

"Shikamoo mama," ikasikika mzunguko mzima, na redio ikairusha moja kwa moja.

Bi Sikudhani hakuitikia.

Profesa akangoja. Mtu aliyeamkia na hajaitikiwa ni kama mtu aliyepiga hodi na hajakaribishwa. Hawezi kuingia, hawezi kuondoka, na akianza mazungumzo mengine watu watauliza amekulia wapi. "Shikamoo mama," akarudia, kwa sauti ndogo zaidi.

Bibi akatoa punje mbovu kwenye kunde, akaitupa dirishani. Ikamwangukia Waziri begani. Kisha akamgusa dereva mkono. "Twende, baba."

Lori likaanza kutambaa kumzunguka. Askari wa king'ora, kwa mazoea, akatangulia mbele akipiga "Wiiiu! Wiiiu!" na umati ukapisha.

*

Jenereta lilikohoa mara tatu, likatema moshi mweusi ukutani, likashika. Daktari Kapufi hakusubiri hata moshi utulie. Mlango ukafungwa. Bwana Songoro alikaa kwenye benchi, kofia magotini, akiifumua uzi mmoja baada ya mwingine. Bi Sikudhani alikaa pembeni yake akichambua kunde, na kila uzi uliofumuliwa aliuokota, akaukunja kidoleni.

Kofia ilikuwa imebaki nusu waliposikia sauti. Ilikuwa ndogo na kali, ya mtu aliyekasirika kuamshwa. Baadaye nesi akatoa kichwa mlangoni.

"Mtoto wa kike. Na mama yake ameamka, anauliza, mzee, kama umekula."

Bwana Songoro akalia, hakuona haya. Bi Sikudhani akampa kiganja cha kunde mbichi afute machozi nazo, kisha akaona haifai, akampa pembe ya kanga.

Wakati huo tarishi aliyeloa jasho alikuwa amefika na baiskeli mpaka mlango wa wodi. Akasimama mbele ya bibi, akajikunjua.

"Bibi, nimetumwa na Mheshimiwa Waziri kutoka pale mzunguko. Bado amesimama, jua limemkolea, wananchi hawataki kuondoka. Anauliza kama salamu yake imekufikia."

Bi Sikudhani akapepeta ungo mara mbili.

"Mwambie imefika," akasema. "Inashughulikiwa."